Kabla ya Kununua Kayaki, Agana na Maji

Somo la kikundi



Somo hili ni la kusomwa kwa sauti mkutanoni. Mmoja asome, wengine wasikize, na mahali penye swali msimame mzungumze. Si lazima mlimalize kwa siku moja.

Tunazungumza juu ya kuwatembeza wageni baharini kwa kayaki, wakaone mikoko, ndege, kasa na viumbe wengine. Pwani yetu kutoka Vanga mpaka Kiunga ina mikono mingi ya bahari ambayo boti kubwa za watalii haziwezi kuingia, na vikundi vingi vya vijana na akina mama vinaona kwamba hapo pana riziki. Ni kweli, riziki ipo. Lakini mimi mwenyewe nimewahi kuwa katika mradi wa namna hiyo, na ulitaka kutuua. Ndiyo sababu naandika.

Kwanza kayaki yenyewe, kwa wale wasioijua. Ni chombo chembamba cha mtu mmoja au wawili, unakaa miguu imenyooka mbele, na kafi lake lina bapa pande zote mbili. Waliokibuni ni Wainuit, watu wa Greenland na nchi nyingine za barafu, ambao walitandika ngozi za sili juu ya kiunzi cha mbao au mifupa wakaenda kuwinda. Siku hizi kayaki nyingi ni za plastiki na zinapigwa makafi hata katika bahari za joto kama yetu. Kwa mvuvi wa pwani hakuna jambo geni hapo. Ni mtumbwi uliobadilisha nguo tu.

Tulivyokwama

Kikundi chetu kilikuwa na wanachama 14 na akiba ya michango ya miaka mitatu. Tukasikia kuna hoteli inafungwa na inauza kayaki tano kuukuu za watu wawili wawili. Tukazinunua zote kwa siku moja, tukapiga picha, tukanywa soda. Hakuna aliyeuliza ni nani kati yetu anayeijua ile njia ya mikokoni.

Wageni wa kwanza walikuwa sita, familia moja, babu mpaka wajukuu. Walitakiwa kufika saa nane mchana. Chakula kilichelewa, wakafika saa kumi kasorobo. Maji yalikuwa yamejaa pomoni, yametulia kama mafuta katika sufuria, na siku hiyo ilikuwa ya mwezi mpevu. Tungewaambia warudi kesho. Lakini pesa zilikuwa zimeshalipwa na mweka hazina alikuwa ameshazinunulia mchele. Tukaingia, wageni sita na sisi watembezaji watatu.

Saa moja ya kwanza ilikuwa tamu sana. Halafu nikaona mizizi ya mikoko inakuwa mirefu. Nilidhani ni miti tofauti. Mwenzangu akasema tukate njia ya mkato, na mimi sikubisha. Ilipofika saa kumi na mbili jioni tulikuwa tumekaa juu ya tope, kayaki zote tano.

Kushuka hakukuwezekana. Tope lilimeza mguu mpaka gotini, na chini yake kuna chaza wanaokata kama wembe. Hatukuwa na tochi. Maji ya kunywa yalikuwa chupa moja moja. Yule babu alikuwa na kisukari na alitakiwa kula kwa wakati, jambo ambalo hatukuwa tumemwuliza. Habari za mbu sitaki kuzisema. Aliyetuokoa ni mzee mmoja mtega kaa, aliyesikia watoto wakilia akaja kwa miguu, taa mkononi, anajua kila mahali pa kukanyaga. Hakutugombeza. Alitugawia ndizi na maji, akambeba yule babu mgongoni mpaka nchi kavu. Sisi wengine tukangoja bahari irudi, saa nane na kitu usiku. Aliniambia neno moja tu: “Mwanangu, safari huagana na nyonga. Nyinyi hamkuagana hata na maji.”

Hakufa mtu. Lakini aliyekuwa akituletea wageni hakutuletea tena, na kayaki zetu zililala chini ya mwembe mwaka mzima.

Simameni hapa kidogo. Katika habari hii, kosa la kwanza lilitokea lini? Wengi watasema ni pale tulipoingia saa kumi. Mimi nasema ni siku ile ya soda.

Kusoma maji

Hebu tufanye hesabu ambayo sisi hatukuifanya. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa Mombasa tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti hushuka mpaka karibu mita 1.

Sasa saa. Kwenye pwani ya Kenya, siku ya mwezi mpevu au mwandamo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukihesabu siku saba utaona mambo yamegeuka: maji mafu hujaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi. Wazee wetu walijua haya bila saa ya mkononi. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji la kila mwaka, lipateni. Lakini kumbukeni kwamba ndani kabisa ya mkono wa bahari maji huchelewa kuliko kule nje, kwa hiyo jedwali haliwezi kuchukua nafasi ya macho yenu.

Kisha kuna mwendo wa maji yenyewe. Hayapwi sawasawa kila saa. Mabaharia hugawanya maji mafungu 12 kwa saa sita: saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme siku ya bamvua tofauti ni sentimita 360. Saa ya kwanza maji yatashuka sentimita 30, ya pili 60, na ya tatu 90. Sasa mnaelewa ile saa moja ya kwanza iliyokuwa tamu. Maji yalikuwa yanaondoka polepole, hatukuyaona, na tulipoyaona yalikuwa yameshashika mbio.

Kwa hiyo ingieni mikokoni maji yakiwa yanajaa, mfike mwisho wa njia kabla hayajajaa kabisa, na mgeuke yanaposimama. Siku ya bamvua hiyo ni kuondoka saa nane na nusu na kurudi saa kumi na moja. Siku ya maji mafu ondokeni saa mbili na nusu asubuhi. Ukikwama wakati maji yanajaa, ukingoja kidogo utaelea tena. Ukikwama yakipwa, utakula ndizi za mtu.

Mgeni akichelewa kupita saa mliyoweka, safari hakuna. Andikeni hivyo katika karatasi anayopewa siku anapolipa, ili mweka hazina asije akabanwa na mchele.

Mlango wa mkono wa bahari nao una hatari yake. Siku za bamvua maji yote ya ndani hutoka kupitia hapo, na mtu asiyezoea kafi hawezi kushindana nayo. Wekeni alama ambayo mgeni haipiti. Upepo ni vivyo hivyo. Wakati wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, bakini ndani. Kaskazi ina siku tulivu zaidi, ila mchana huweza kuvuma. Anzeni safari kwa kuelekea upepo unakotoka wakati wageni wana nguvu, ili wakichoka uwasukume nyumbani. Laifu jaketi kila mtu, hata fundi wa kuogelea, tena ivaliwe, isikaliwe. Filimbi, tochi, maji lita 2 kwa kila mtu, simu ndani ya mfuko usiopenyeza maji. Na muulizeni kila mgeni kuhusu dawa na maradhi kabla hajakaa kwenye chombo.

Mnyama asijue kama mlipita

Faida ya kayaki ni kimya chake. Hakuna injini, hakuna moshi, unaweza kufika karibu na ndege mpaka ukaona jicho. Lakini kimya hicho kina ubaya. Boti ya injini husikika mbali, ndege hujiandaa au huondoka taratibu. Kayaki humtokea ghafla, naye huruka kwa hofu.

Kwa nini tujali ndege mmoja kuruka? Chukueni Mida Creek, kule Watamu. Kila mwaka ndege wa pwani kwa maelfu hutoka mbali kaskazini, wengine Siberia, kuja kula kwenye matope ya Mida. Mwezi wa tatu na wa nne hujaza mafuta mwilini kwa ajili ya safari ya kurudi. Kila unapomrusha bure anachoma mafuta ya njiani. Pale Mida yupo pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mlaji wa kaa. Huyu hutaga mayai ndani ya mashimo anayochimba mchangani katika fukwe za Somalia, Oman na nchi za Ghuba. Maji yakijaa, ndege hawa hukosa matope ya kusimama wakakusanyika mahali padogo pakavu. Hapo ndipo mgeni huwaona vizuri, na hapo ndipo huweza kuharibiwa wote kwa mpigo mmoja. Simamisheni kayaki mbali. Ndege wakianza kuinua vichwa wote pamoja, mmeshakaribia kupita kiasi. Rudini nyuma, msingoje waruke.

Kasa ni wa kungoja. Huzama kula majani ya bahari, kisha lazima aje juu kuvuta pumzi. Ukimfukuza atapumulia mbali. Ukikaa kimya atatokea, na pengine karibu kuliko ulivyotarajia. Pomboo nao wasikatiwe njia mbele, na wenye watoto wasifuatwe. Wenzetu wa kaskazini ya Lamu, ikitokea bahati mkamwona nguva, wekeni makafi juu ya mapaja mkae kama mawe. Wamebaki wachache mno katika maji ya Kenya. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali kwa anayewadhuru viumbe hawa, na anayeshtakiwa si mgeni peke yake.

Swali la kujadili: mgeni akikupa shilingi 1,000 mkononi ili umsogeze zaidi kwa kasa, utamjibu nini? Mwigize mbele ya wenzenu, mmoja awe mgeni. Mtacheka, lakini mtaona ilivyo vigumu.

Anacholipia mgeni

Vijana wengi hufikiri mgeni analipia kayaki. La, kayaki anaweza kuwa nayo kwao, tena nzuri kuliko yenu. Analipia kile anachojua mtega kaa.

Mwonyesheni mchu. Mizizi yake hutoka topeni ikielekea juu kama misumari, ndiyo inayovuta hewa. Mwambieni alambe jani lake. Atashangaa, maana lina chumvi ambayo mti umeitoa jasho. Mwonyesheni mkoko, ambao mbegu yake huota ikiwa bado inaning'inia juu ya mama yake, kisha hudondoka kama mkuki. Na mkomafi! Tunda lake ni duara kama mpira, ndani mna mbegu zenye pembe zilizobanana. Zitoeni mumpe mgeni azirudishe zilivyokuwa. Nimewaona watu wazima wakihangaika nusu saa nzima, wamesahau hata kupiga picha. Mwelezeni muia na mkandaa zilivyojenga nyumba zenu, na kwa nini kamba na samaki wadogo hujificha katika mizizi mpaka wakue. Anayetaka kusikia historia, boriti za mikoko zilisafirishwa kwa majahazi mpaka Uarabuni kwa karne nyingi.

Haya yote hayahitaji mtaji. Pale Mida ipo njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na kiingilio chake husaidia karo ya watoto wa sekondari wa vijiji vya jirani. Kule Wasini akina mama walijenga njia ya mbao juu ya matumbawe ya kale, na kiingilio ni mapato ya kikundi chao. Wote hawa wanauza mwendo wa polepole na maneno ya mwenyeji. Hawakungoja kayaki.

Wageni wangapi wanatosha

Hapa nitawapeleka mbali kidogo, Mexico, kwenye rasi ndefu kame iitwayo Baja California. Upande wa bahari kuu kuna ghuba ya San Ignacio, ambako nyangumi wa kijivu huja kutoka bahari ya barafu kuzaa. Wawindaji wa karne ya 19 waliwaita samaki wa shetani, kwa sababu mama aliyejeruhiwa alikuwa akivunja mashua. Wavuvi wa hapo waliendelea kuwaogopa. Mwaka 1972 mvuvi mmoja, Francisco Mayoral, alifuatwa na nyangumi kwenye mashua yake ndogo, na mwishowe akanyoosha mkono akamgusa. Kutoka hapo wavuvi wakawa watembezaji. Lakini walijiwekea mipaka, na boti zinazoangalia nyangumi kwa wakati mmoja hazizidi 16. Wengine hungoja zamu. Ukifika mwisho wa foleni hakuna ujomba.

Upande wa pili wa rasi hiyo, kwenye visiwa vya Loreto ambavyo vimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1996, wageni hupiga makafi kutoka kisiwa hadi kisiwa na kulala ufukweni. Mara nyingi nyuma yao hufuata mashua ya mvuvi wa pale ikiwa na maji, chakula na nafasi ya kumbeba aliyechoka. Jambo hili la mashua ya nyuma tulichukue jinsi lilivyo. Kwetu ingekuwa ni mtumbwi mmoja wenye mtu anayejua njia, na ule usiku wa ndizi usingetokea.

Kwa mkono wa bahari mdogo mimi nasema wageni 8 kwa safari moja, safari moja kwa siku. Mnaweza kunibishia.

Pesa

Bei zifuatazo ni za mfano, wekeni zenu. Wageni 8 kwa shilingi 1,500 ni 12,000. Watembezaji watatu 3,000, mtumbwi wa nyuma 1,500, chakula cha akina mama 2,800, matengenezo 1,200, na 500 kwa wavuvi wenye maji hayo kupitia kamati yao ya ufuo. Zinabaki 3,000. Safari 50 kwa msimu ni 150,000. Kama kayaki tano zitawagharimu 300,000, basi ni misimu miwili mizima kabla ya kugawana hata thumuni, na hapo ni ikiwa hakuna iliyopasuka wala msimu uliokosa wageni. Ndiyo maana nashauri msimu wa kwanza mtumie mitumbwi mliyonayo, ikaguliwe vizuri, au mkodi.

Fungu la wavuvi msilifute ili kuongeza faida. Mvuvi ambaye nyavu zake zimevurugwa na wageni, na hajapata kitu, hatasikia filimbi yenu usiku.

Kuhusu vibali: kikundi kisajiliwe kwa sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Ikiwa maji yenu yako ndani ya hifadhi, nendeni kwa KWS kwanza, maana wana ada na masharti yao. Mambo ya vyombo ni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na ya kutembeza wageni ni ya wasimamizi wa utalii. Nendeni watu wawili, na mrudi na jibu lililoandikwa.

Kazi ya kabla ya mkutano ujao

Chomekeni mti ulionyooka kwenye tope mahali mnapokusudia kupita, uwe na alama kila sentimita 10. Siku moja ya bamvua na siku moja ya maji mafu, watu wawili wakae hapo kutoka asubuhi mpaka jioni, waandike maji yako wapi kila saa. Watoto wa darasa la sita wanaiweza kazi hii na wataipenda. Siku hizo hizo mwingine ahesabu ndege mahali wanapokusanyika, na aandike walitazama upande gani walipoogopa.

Leteni daftari mkutanoni, tuone kama maji yenu yanafuata yale mafungu 12 au yana tabia yake. Na yule mzee mtega kaa wa kijiji chenu aalikwe. Mlipieni nauli, mumpe kiti cha mbele.